Homa Iliyopata Jina Newala: Jinsi Kirusi Kinavyoteka Kiwanda cha Mwili

Huenda nawe, ndugu msomaji, umewahi kutoka zahanati ukinung'unika. Umeamka alfajiri na homa kali, viungo vyote vinauma kana kwamba umetwangwa kinuni, na vidole vimekaza hata kufunga vifungo vya shati imekuwa kazi. Umepanga foleni, umetobolewa kidole, ukaambiwa kuwa malaria huna. Mganga amekuandikia vidonge vya parasetamoli, akakuagiza upumzike na unywe maji kwa wingi, basi. Njiani unajiuliza: huu ndio utabibu? Sindano iko wapi? Na yale makapsuli ya rangi mbili aliyopewa jirani? Hatimaye unapita duka la dawa na kununua makapsuli hayo kwa fedha ambayo ingeilisha familia kwa siku kadhaa.

Makala hii inakusudia kueleza kwa nini mganga yule yawezekana kabisa alikuwa amekutendea haki, na kwa nini makapsuli yale hayangekufaa kitu. Ili kulielewa jambo hilo hatuna budi kuingia mahali ambapo jicho haliwezi kufika, yaani ndani ya chembe hai za mwili, ambazo wataalamu huziita seli. Tutachukua mfano wa kirusi kimoja, nacho ni kile ambacho ulimwengu ulikifahamu kwa mara ya kwanza kutoka katika ardhi yetu wenyewe.

JINA LILITOKA KWA WAMAKONDE

Katika miaka ya 1952 na 1953 ulizuka ugonjwa mgeni kwenye uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Watu walishikwa kwa ghafla na homa, na viungo viliwauma kiasi cha kushindwa kunyooka. Wenyeji waliuita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kile kinachokunja. Baadhi ya maandishi ya ng'ambo yamedai kuwa neno hilo ni la Kiswahili. Si kweli, ni mali ya Wamakonde.

Mwaka 1955 matabibu Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo ya ugonjwa huo. Naye R. W. Ross, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya uchunguzi wa virusi huko Entebbe, Uganda, alifaulu kukitenga kirusi chenyewe kutoka katika damu ya wagonjwa. Kwa njia hiyo neno la wakulima wa Newala likaingia katika vitabu vya utabibu vya dunia nzima. Leo ugonjwa huo umekwisha kuonekana katika nchi zaidi ya 110.

Kuna jambo moja la kuweka akilini, maana tutalirudia. Uwanda wa Makonde una shida kubwa ya maji. Enzi hizo watu walilazimika kuyateka mbali na kuyahifadhi majumbani kwa muda mrefu. Katika maji hayo ndimo alimozaliwa mbu aitwaye Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ambaye ndiye aliyekuwa akieneza ugonjwa.

KITU KISICHOJIWEZA

Kirusi ni nini hasa? Wengi wetu tumezoea kuvitia virusi na bakteria katika kapu moja la "vijidudu". Lakini tofauti yao ni kubwa. Bakteria ni kiumbe kamili, ingawa ni kidogo mno: anakula, anakua, na anajigawa kuwa wawili kwa nguvu zake mwenyewe. Kirusi hakili, hakipumui wala hakikui. Kikiwa peke yake juu ya meza hakitofautiani sana na chembe ya vumbi.

Kirusi cha chikungunya ni kidogo kiasi kwamba ukivipanga kwa mstari vipatavyo 14,000, ndipo utapata urefu wa milimita moja. Ndani yake mna uzi mmoja tu wa maagizo, uitwao RNA, wenye herufi za kikemia zipatazo 11,800. Uzi huo umefungwa ndani ya gamba la protini, na juu ya gamba pana koti jembamba la mafuta lenye miiba 80. Hakina mashine wala ghala, na nguvu zake mwenyewe hakina. Maagizo ya mwili wa binadamu yana herufi zipatazo bilioni tatu. Ya kirusi hiki yangeweza kuchapwa katika kurasa chache za gazeti. Vipi basi kitu duni namna hiyo kikamwangusha mtu mzima kitandani?

Jibu ni kwamba hakifanyi kazi yoyote kwa mikono yake. Hutufanyisha kazi sisi.

HATI YA KUGHUSHI

Tuchukue mfano wa kiwanda cha nguo, ambacho wengi wa wasomaji wetu wanakijua. Kiwanda kina ukuta na malango. Kina mitambo ya umeme, ghala la pamba, na safu za mitambo ya kufumia. Aidha kina ofisi kuu, ambamo vielelezo vya nguo zote hutunzwa chini ya kufuli. Vielelezo vyenyewe havitoki ofisini. Hutolewa nakala, nazo hupelekwa kwa mafundi. Fundi akishapokea hati, anafuma kilichoandikwa. Hana nafasi ya kumwuliza kila mleta hati ni nani aliyeitia sahihi.

Seli ya mwili wako ndivyo ilivyo. Ukuta wake ni utando mwembamba wa mafuta. Ofisi kuu ni kiini chake, ambamo maagizo yote uliyorithi kwa wazazi wako yanatunzwa. Mitambo ya kufumia ni vidude vidogo sana viitwavyo ribosomu, ambavyo kazi yake ni kuunda protini kwa kufuata hati za RNA zinazotoka katika kiini.

Sasa mbu ameuma, na virusi vimeingia chini ya ngozi. Kirusi hakivunji ukuta. Miiba yake inanasa kwenye protini iliyo juu ya seli, protini ambayo seli inaitumia kwa shughuli zake halali. Ni kama mwizi aliyepata ufunguo unaoingia katika kufuli la lango. Seli inakimeza kwa kukizungushia kifuko cha utando wake, kama inavyomeza vitu vingi vingine kila saa. Ndani ya kifuko hicho kuna uchachu, na uchachu huo, ambao ungepaswa kumeng'enya kilichomezwa, ndio unaokifungua kirusi. Miiba yake hubadilika umbo, koti lake la mafuta huungana na utando wa kifuko, na uzi wa RNA humwagika ndani ya kiwanda.

Uzi huo umeandikwa kwa lugha ile ile ya hati za seli. Ribosomu zinaupokea na kuanza kazi mara moja. Ni hati ya kughushi, lakini mwandiko wake hauna kasoro.

Protini nne za kwanza zinazofumwa ni za kuunda mtambo wa kunakili. Mtambo huo hujificha katika vifuko vidogo kwenye utando wa seli, na humo hutoa nakala nyingi za uzi ule ule. Baadaye hufumwa protini nyingine: hizi za gamba, hizi za miiba. Nyuzi mpya hufungwa katika magamba mapya na kusukumwa nje kupitia ukuta wa seli, na kila kirusi kinapotoka hujivika kipande cha utando huo kuwa koti lake. Kwa hiyo pamba ni yako, umeme ni wako, mafundi ni wako, na hata koti analoondoka nalo mwizi limekatwa katika nguo yako.

Haya yote huchukua muda wa saa chache tu. Kila kirusi kipya huenda kutafuta kiwanda kingine. Kwa kawaida mtu huanza kuumwa siku 4 hadi 8 baada ya kuumwa na mbu. Wakati huo mililita moja tu ya damu yake inaweza kuwa na nakala za RNA ya kirusi zinazofikia bilioni moja.

KENGELE YA HATARI

Ndugu msomaji asidhani kwamba seli hukaa kimya na kutazama. Ndani ya kila seli mna protini za ulinzi ambazo kazi yake ni kukagua hati zinazopita. Hati halali za kiini zina alama maalumu mwanzoni mwake. Aidha, kirusi kinapojinakili hutokea nyuzi mbili za RNA zilizolaliana, jambo ambalo ni nadra katika kazi za kawaida za seli. Walinzi wakiligundua hilo, kengele hulia hadi ofisi kuu, na seli huanza kutengeneza kemikali ya onyo na kuimwaga nje ili iwafikie majirani.

Kemikali hiyo huitwa intaferoni. Iligunduliwa mwaka 1957 mjini London na Alick Isaacs wa Uingereza pamoja na Jean Lindenmann wa Uswisi. Waliweka virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto pamoja na vipande vya utando wa yai la kuku. Kisha walichukua majimaji yaliyobaki na kuyatia kwenye vipande vipya. Vipande hivyo vipya vikakataa kuambukizwa, hata vilipowekewa virusi vilivyo hai. Utando wa kwanza ulikuwa umetoa kitu cha kuwalinda wengine.

Seli jirani ikipokea onyo hilo hufungua mamia ya maagizo ya ulinzi. Baadhi ya protini zinazotokana na maagizo hayo hukatakata RNA ngeni. Nyingine husimamisha ribosomu, ili hati ya kughushi ikifika ikute mitambo imezimwa. Ni hasara kwa kiwanda, kwa kuwa hata kazi halali husimama. Lakini ni afadhali kusimama siku mbili kuliko kumfumia adui. Nayo seli ambayo imekwisha kutekwa na haina matumaini huweza kujiua yenyewe kwa utaratibu, ikavunjika pamoja na mitambo ya mvamizi kabla haijamaliza kazi.

Kirusi nacho kina ujanja wake. Mojawapo ya zile protini nne za kwanza huingia hadi katika kiini na kuharibu mashine inayotoa nakala za maagizo ya seli. Matokeo yake, seli imesikia kengele lakini haiwezi kuandika barua ya kuomba msaada. Ni sawa na mwizi anayekata waya wa simu kabla hajaingia sebuleni. Mshindi wa mapambano haya mara nyingi hutegemea ni nani aliyewahi: kirusi kukata waya, au seli kupiga simu.

HOMA NI YA NANI?

Hapa ndipo tunapofika kwenye kitanda cha mgonjwa. Homa ile, uchovu ule na maumivu yale ya mwili kwa sehemu kubwa hayaletwi na sumu ya kirusi. Ni kelele za vita yenyewe. Intaferoni na kemikali nyingine za onyo husafiri katika damu mpaka kwenye ubongo, nao ubongo huamuru joto lipande na mwili ulale. Katika viungo, askari wa damu hukusanyika mahali kirusi kilipojificha, na mkusanyiko huo ndio unaovimbisha na kuuma.

Baada ya siku chache, kwa kawaida kabla ya juma la kwanza kumalizika au karibu na hapo, huanza kuonekana katika damu silaha iliyotengenezwa kwa kipimo cha adui huyu peke yake, yaani kingamwili. Kingamwili hushika miiba ya kirusi hata kisiweze kunasa kwenye lango la seli. Idadi ya virusi katika damu hushuka, na homa huondoka. Mtu aliyepona hubaki na kinga ya miaka mingi, na huenda ikawa ya maisha yake yote. Vifo ni vichache. Walio katika hatari zaidi ni watoto wachanga walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, wazee, na wenye maradhi mengine. Hata hivyo wapo ambao maumivu ya viungo huendelea kuwasumbua kwa miezi, na wengine kwa miaka.

Sasa turudi kwenye makapsuli yetu. Dawa za antibiotiki huua bakteria kwa kupiga viungo vya bakteria: nyingine huvunja ukuta wake, nyingine huziba ribosomu zake, ambazo umbo lake si sawa na la zetu. Kirusi hakina ukuta huo, na ribosomu zake mwenyewe hana. Kinatumia zako. Kwa hiyo kapsuli inapita mwilini ikitafuta shabaha ambayo haipo. Na si kwamba inapita bure tu. Bakteria wengine waliomo mwilini hupata nafasi ya kuizoea, na siku mtoto atakapopata kichomi cha bakteria huenda dawa hiyo ikashindwa.

Ndiyo maana pia ni vigumu kutengeneza dawa ya virusi. Anayefanya kazi ya adui ni seli yako, na dawa inayozima mitambo yote ingemdhuru mwenye kiwanda. Mpaka sasa haipo dawa maalumu ya kuiponya chikungunya. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, lakini mwaka 2025 leseni yake ilisimamishwa nchini humo kwa sababu ya madhara makubwa yaliyoripotiwa kwa baadhi ya waliochanjwa, hasa wazee. Chanjo ya pili, ya aina tofauti, iliidhinishwa mwaka huo huo wa 2025.

HERUFI MOJA TU

Mtambo wa kunakili wa kirusi ni wa haraka, lakini haufanyi masahihisho. Herufi hukosewa mara kwa mara. Makosa mengi hukiua kirusi chenyewe. Machache hukipa faida.

Mwaka 2004 chikungunya ililipuka katika kisiwa cha Lamu, pwani ya Kenya. Uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa watu wapatao 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani hiyo ugonjwa ulifika Komoro mwaka 2005, kisha kisiwa cha Réunion, ambako katika miaka ya 2005 na 2006 waliugua watu wapatao 266,000, yaani kama thuluthi moja ya wakazi wote. Huko Réunion wataalamu waligundua kuwa herufi moja kati ya zile 11,800 ilikuwa imebadilika. Badiliko hilo liligusa protini ya miiba, na kukiwezesha kirusi kustawi vizuri zaidi katika mbu wa aina nyingine, Aedes albopictus, ambaye ndiye aliyejaa kisiwani humo.

Inafaa kujua kuwa ndani ya mbu mambo ni tofauti. Kirusi huzaliana katika seli zake pia, lakini hakimwangushi. Mbu huyo huendelea kukibeba na kukigawa kwa muda wote wa uhai wake.

VITA HUANZIA KWENYE NDOO

Kwa nini Lamu, na kwa nini mwaka ule? Si kwa sababu ya mvua nyingi, kama wengi wangedhani. Ulikuwa wakati wa ukame. Wachunguzi waliona kuwa maji yalipokuwa adimu, watu waliyahifadhi katika vyombo visivyofunikwa, na vyombo hivyo havikuwa vikibadilishwa maji mara kwa mara. Ndugu msomaji atakumbuka Newala ya 1952: shida ile ile ya maji, mbu yule yule. Na sisi wakazi wa mijini, ambao bomba likikauka siku tatu tunajaza mapipa, ndoo na masufuria hadi chini ya kitanda, tunafanana na nani? Mbu huyo huyo ndiye aliyeleta mlipuko wa dengi jijini Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Basi, kwa kuwa hatuwezi kumfuata adui ndani ya seli, tumzuie kabla hajafika langoni. Funika kila chombo cha maji, na mfuniko ukae barabara. Mara moja kwa juma mwaga maji yaliyobaki na usugue kuta za ndani za pipa kwa brashi. Maana mayai ya mbu huyu hunata ukutani na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji. Usingoje zaidi ya juma, kwa sababu kutoka yai hadi mbu kamili siku saba hadi kumi zinatosha. Ondoa matairi, vifuu na makopo uani. Kumbuka kwamba mbu huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Mtoto anayelala mchana alale ndani ya chandarua. Mgonjwa naye katika juma la kwanza alale humo humo, mbu wasije wakachota virusi katika damu yake na kuvipeleka chumba cha jirani.

Ukishikwa na homa, nenda ukapimwe. Usijitibu malaria kwa kukisia, wala usipuuze kwamba inaweza kuwa malaria kweli. Ikiwa malaria haikuonekana, parasetamoli kwa kipimo sahihi, maji na mapumziko ndiyo msaada unaoipa kingamwili nafasi ya kufika. Epuka aspirini mpaka mganga athibitishe kuwa si dengi, kwani aspirini huzidisha hatari ya kutokwa damu. Lakini ukiona damu ikitoka puani au kwenye fizi, tumbo likiuma sana, matapishi yasiyokoma, mgonjwa kuchanganyikiwa, au homa kwa mtoto mchanga, usikae nyumbani hata saa moja.

Na siku utakapotoka zahanati na vidonge vyako vichache mkononi, pita duka la dawa bila kusimama. Ukiwa na fedha ya makapsuli mfukoni, inunulie familia yako mfuniko wa pipa.